Tupeane uzoefu: sufuria moja kwa nyumba nzima, mwenye presha, mtoto na mzima, nyie mnapikaje?

MkweWaBibi
Habari zenu wadau. Naomba tuelezane kila mtu kwake anapika vipi, simaanishi mapishi ya sherehe, nasema chakula cha jumatatu mpaka jumapili, kile unachokipika umechoka na watu wanakusubiri. Naanza na yangu, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Mama mkwe alihamia kwetu Morogoro mwaka jana baada ya presha kumsumbua sana. Daktari akasema chumvi ipungue, mafuta yapungue, mboga ziongezeke. Mimi nikaona hilo jepesi, nikawa nabandika sufuria mbili. Ya kwake nachemsha tu mboga na maji, ya kwetu naunga kama siku zote mpaka mafuta yanaelea juu. Mezani mama analetewa kibakuli chake peke yake pembeni, sisi tunachota kwenye bakuli kubwa. Imeenda hivyo kama mwezi na nusu. Siku moja mtoto wangu wa pili akamuuliza, bibi mbona wewe kila siku unakula chakula cha wagonjwa? Mama akaweka kijiko chini akasema ameshiba. Alikuwa ameonja mara mbili tu. Usiku nililia jamani, nikamwambia mume wangu kuanzia kesho nyumba hii ni sufuria moja, tunakula wote alichoambiwa mama.

Cha kwanza nilianza kupima mafuta. Zamani namimina tu kutoka kwenye dumu, lita 5 watu sita inaisha wiki tatu. Nikafunga kijiko cha chakula kwa uzi kwenye shingo ya dumu, mboga ya watu sita vijiko viwili, hakuna cha tatu. Siku hizi dumu lile lile linakaribia miezi miwili. Cha pili viungo vya pakiti vile vya kutia kwenye mchuzi niliviacha kabisa, soma nyuma ya pakiti utaona chumvi imetangulia mbele. Wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu na ya kwenye mkate. Kichupa cha chumvi mezani nikakiondoa, chumvi naitia mwishoni wakati wa kuepua, ukiitia mwishoni ulimi unaisikia hata ikiwa kidogo. Ndimu, tangawizi, swaumu na kotmiri ndo vimeshika nafasi yake.

Wiki mbili za kwanza mume alikula kimya. Hakugomba ila nilikuwa naona anavyotafuna. Aliyetuokoa ni mama mwenyewe, alikuja jikoni akaniambia mwanangu mbona unachemsha mboga kama unafua nguo, hebu nipishe. Akatwanga karanga, akazitia kwenye majani ya kunde, nyanya mbili, kitunguu, tone la mafuta hakuna. Watoto walifuta bakuli kwa vidole. Kumbe kwao utotoni walipika hivyo kila siku, mafuta ya kununua yalionekana sikukuu. Dawa zake anakunywa mpaka leo sijamwachisha hata siku moja, ila kliniki wanasema vipimo vimetulia. Na siku hizi anakula mpaka anaongeza.

Haya karibuni, nyie mnafanyaje?

Kibua_Tanga
Mtoa mada umenigusa maana baba yangu ana kisukari na sisi tulipita hapo hapo kwenye mabakuli ya pembeni. Sisi watu wa pwani jibu tulikuwa nalo siku zote, samaki wa chukuchuku. Chukua vibua (ndo samaki wa bei yetu), osha vizuri, kamulia ndimu na chumvi kidogo waache robo saa. Sufuria pana, panga vitunguu na nyanya chini, samaki juu, bamia na nyanya chungu pembeni, pilipili mbuzi nzima usiipasue, maji kidogo tu maana nyanya nazo zina maji yake. Usikoroge, shika sufuria itikise tu. Dakika 15 samaki kaiva, hakuna kukaanga, mchuzi unakunywa kama supu.

Nazi hatujaiacha, siwezi kudanganya, Tanga bila nazi hapana. Tulichobadilisha, siku za kawaida tunatumia tui la pili lile jepesi, tui zito linasubiri ijumaa. Mzee na ugali wake ngumi moja na mboga nyingi, zamani ilikuwa kinyume.

baba mapacha
Mimi ni mwanaume na ndiye ninayepika kwangu, mke wangu ana kazi ya zamu za usiku na asubuhi anarudi amechoka siwezi kumwambia ashike mwiko. Mwanzoni tulikuwa tunaishi kwa chipsi mayai na wali maharage wa kununua, mapacha wana miaka 5 wakawa hawajui ladha ya chakula cha nyumbani, hilo ndo liliniuma.

Mkombozi wangu ni maharage. Ijumaa usiku naloweka kilo mbili, jumamosi asubuhi namwaga yale maji, natia mapya, naweka kwenye presha kuka nusu saa yameiva laini. Magadi siweki, kwanza yanaua ladha, na kwa mwenye presha magadi ni kama umemwongezea chumvi kwa mlango wa nyuma. Yakipoa nagawa kwenye vikopo vya aiskrimu naweka friza. Jumatatu natoa kimoja na kuunga kwa nyanya na karoti, jumatano natia kwenye ndizi, ijumaa naponda na kupaka kwenye chapati za kuchoma bila mafuta, wanazipenda hizo kuliko kitu chochote. Nikifika saa 12 jioni, saa 1 kasoro watu wako mezani.

Dom_Kwetu
Yangu ni ya damu. Mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa mweupe viganja, analala lala tu, tukampima damu 8. Nikashangaa maana kwangu mboga za majani hazikosi, mlenda, mchicha, maini mara moja moja. Nesi akaniuliza anakunywa nini na chakula, nikasema chai ya rangi, sisi kwetu chai ni asubuhi mchana jioni mpaka mtoto. Akaniambia mama hapo ndipo unapopoteza, chai ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mboga, subiri hata saa moja ipite. Na kinyume chake ndimu au chungwa linasaidia mwili kuyachukua.

Alipewa dawa za minyoo na za kuongeza damu nikampa zote mpaka mwisho. Jikoni nikafanya mawili tu, chai nikaiondoa mezani kwa watu wote hata baba yao, na kila mboga ya majani inakamuliwa ndimu ikishaepuliwa. Dagaa nao nikaanza kuwasaga, unatoa vichwa, unaosha maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, unakausha juani, unasaga, kijiko kimoja kwenye mboga yake. Mtoto haoni macho ya dagaa basi hana ugomvi. Miezi mitatu baadae damu 11. Nilikuwa sijui jamani, nilikuwa namnywesha chai kwa upendo kabisa.

MkweWaBibi
Dom_Kwetu asante sana dada, hili la chai nimelisoma kwa sauti hapa sebuleni, chupa ya chai ilikuwa mezani tumeitoa. Pole na hongera kwa mtoto.

JuaKali_Mbagala
Wakuu mimi niseme ukweli wangu. Naona friza, presha kuka, mimi sina hata friji. Natoka saa 11 alfajiri, mke wangu anauza sokoni anarudi saa 2 usiku, watoto wanne wanakula kile cha barabarani na soda kwa sababu ndicho kilicho karibu na nyumba. Siyo kwamba hatujui mboga ni nzuri. Mkaa wa kuchemsha maharage masaa matatu sina. Naombeni aliyepita njia hii anielekeze, siulizi kwa ubishi.

TembeleBichi
Kaka JuaKali nimepita hiyo njia miaka sita, chumba kimoja watu watano. Maharage yaloweke usiku kucha, hiyo peke yake inakupunguzia mkaa sana. Alfajiri yachemshe yatokote kweli kweli nusu saa, usiyafunue, sufuria ikiwa bado inachemka ifunge kwenye blanketi nzee na uiweke ndani ya kikapu au boksi lililojaa matambara, bana kila upande hewa isipite. Ukirudi mchana utakuta yamejipika yenyewe, unabandika tena yachemke ndo unaunga, dakika kumi. Ila usiyaache humo mpaka kesho yake yatachacha. Mama yangu alifanya hivyo na makande pia.

Mboga ya bure ni tembele. Omba vipande kwa jirani, salfeti moja jaza udongo na samadi, toboa pembeni, chomeka. Maji ya kuoshea mchele mwagia hapo. Mwezi mmoja na kidogo unaanza kuchuma, na ukichuma ndo linazidi. Mkubwa wako ana miaka mingapi? Wangu akiwa na miaka 11 alikuwa anajua kuchemsha tembele na nyanya, anakuta maharage kwenye blanketi, anawapa wadogo zake.

Shiko254
Hamjambo wadau, mimi niko Nairobi. Kwetu makosa ilikuwa kwa sukuma. Mama mboga anakukatia tayari, ukifika nyumbani unaosha ikiwa imekatwa, yale maji ya kijani unamwaga ndiyo uzuri mwingi umeenda. Sasa nanunua majani mazima, naosha kwanza, nakata mwenyewe, dakika tano kwa moto imetosha, ikae kijani isikuwe kahawia.

Managu (mnavu) watoto walikuwa wanakataa juu ya uchungu. Cucu (bibi) wao akanifunza, chemsha, mwaga yale maji, tia maziwa, wacha ilale usiku mzima, kesho yake pasha moto na kitunguu. Uchungu unaisha kabisa. Na githeri (makande) tunakula na avokado juu badala ya kuikaanga na mafuta mingi, hakuna mtu amewahi kulalamika. Pia niliacha kununua mafuta ya kupima ya kadogo, ukinunua ya siku moja unaona lazima uimalize siku hiyo hiyo.

ughaibuni_Maskati
Salaam alaykum. Sisi huku Maskati samaki wapo wengi Alhamdulillah, tatizo letu lilikuwa Ramadhani, meza imejaa sambusa, bajia, katlesi, vyote vya kuzama mafutani, na mwezi mtukufu tunautoka wazito kuliko tulivyoingia. Mwaka huu mama yetu alisema kitu cha kukaanga kiwe kimoja tu kwa siku, vingine ni tende, uji, muhogo wa tui jepesi na supu. Sambusa tukazioka ovenini tumezipaka mafuta kwa brashi. Wa kwanza kuzoea walikuwa vijana, sisi wakubwa ndo tulichukua muda.

JuaKali_Mbagala
Narudi kuleta mrejesho, zimepita kama wiki tano. Dada TembeleBichi blanketi linafanya kazi. Binti yangu ana miaka 12 ndo msimamizi, mara mbili za kwanza yalibaki magumu kwa sababu tulikuwa tunayafungia yakiwa hayajatokota vizuri, siku hizi anasimama na saa. Salfeti mbili zimeshika, ya kwanza tumechuma juzi jumapili, tulikuwa wote sita tumekaa chini kwenye mkeka tunakula tembele letu na dona. Sikumbuki mara ya mwisho tulikula wote sita kwa pamoja, mdogo alikuwa ananiangalia mimi kuliko chakula.

Swali moja, hiyo dona nimesagisha kilo 10 nikaona inaanza kunukia vibaya kabla haijaisha, nimekosea wapi?

MkweWaBibi
Kaka umenifurahisha sana, mpe binti yako hongera zake.

Dona haikai kama sembe kwa sababu ina kile kiini cha mahindi, kina mafuta, yakikaa kwenye joto yanachacha, na Dar joto mnalijua. Sagisha kilo tatu nne za wiki mbili, weka kwenye ndoo yenye mfuniko mahali pakavu, ikianza kuwa chungu usiile. Hiyo inayonuka iache, najua inauma.

Na mama yuko hapa pembeni yangu amevaa miwani anasoma kila mlichoandika, kanituma niongeze hili, angeliandika mwenyewe kama ningemwachia simu. Anasema kabla hujapeleka mahindi mashineni mwaga kwenye ungo, kaa na watoto mchague, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi na yaliyosinyaa yote toa, usiwape hata kuku, maana sumu ya ule ukungu haiishi kwa kupikwa. Anasema kwao kazi hiyo ilikuwa ya bibi na wajukuu, na jumamosi hii anaanza na wa kwangu.