Nimekwama The Library kwenye Halo ya kwanza, Legendary. Nishushe ugumu au nikaze?

KakaWaTabata

Wakuu, habari za jioni. Nimeahirisha kuandika uzi huu wiki mbili kwa aibu, leo nimeona bora niulize kuliko kuvunja kibodi.

Mimi si mgeni wa magemu ya kupiga risasi. Nimekulia kwenye vibanda vya PlayStation, nimelipia dakika kwa hela ya chapati. Ila Halo sikuwahi kuigusa, maana Xbox mtaani kwetu ilikuwa kitu cha kusikia tu. Mwaka huu nimepata laptopu ya mtumba yenye nguvu kidogo, nikakuta The Master Chief Collection, mkusanyo wa magemu ya Halo, imeshushwa bei Steam, lile duka la magemu la mtandaoni. Nikasema ngoja nianze na ile ya kwanza kabisa, Combat Evolved ya 2001, na kwa kiburi changu nikachagua Legendary, ugumu wa juu kabisa. Mdogo wangu, anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, alikuwa pembeni. Akasema, "Kaka, hutoboi." Tukawekeana: nikishusha ugumu, naosha vyombo mwezi mzima. Nikimaliza gemu, anaosha yeye.

Misheni sita za kwanza nilitoka jasho lakini nilitoka. Wale Elite, askari wa Covenant, lile jeshi la viumbe wa angani, na ngao zao nimeshawajulia: unaishikilia bastola ya plazma mpaka ijae, unaiachia, ngao inavunjika, unahamia bastola ya kawaida, moja ya kichwa, habari imeisha. Ya sita ndiyo ilinitisha, ile unayookota kofia ya askari Jenkins ukaangalia kilichorekodiwa ndani. Usiku ule nililala taa inawaka.

Sasa nipo ya saba, The Library. Flood, wale vimelea wanaoteka miili, wanatoka kila tundu. Ukiua kumi wanakuja ishirini, na uliyemuua anaamka tena. Na lile dude la chuma linaloelea, 343 Guilty Spark, lipo juu ya kichwa changu linaimba kwa pua kama tupo matembezini. Dogo anahesabu vifo vyangu nyuma ya daftari. Mpaka jana: 63. Na nipo ghorofa ya pili tu.

Naomba mbinu. Naomba pia mnieleze kama kushusha ugumu ni aibu kweli au ni mimi tu na ubishi wangu. Na stori nayo imeanza kunipotea, mbona tumeacha kupigana na Covenant tumegeuka wapiga dawa ya wadudu? Ila MSINIVUJISHIE MWISHO. Nawaomba sana.

MzeeKontrola

Pole mkuu. Kosa lako naliona hata bila kukuona ukicheza: unasimama kupigana. Umetoka kwa Covenant, ambako ukisafisha chumba kinakuwa chako, unajaza risasi kwa raha zako. The Library haiendi hivyo. Humo hutawamaliza, wewe kazi yako ni kupita. Spark akifungua mlango, ondoka, hata kama nyuma yako kuna kundi linapiga kelele. Pale tu anapochelewa na mlango ndipo unatafuta kona, mgongo ukutani, wakujie kwa mbele.

Shotigani ndiyo mke wa ndoa humo ndani, usimwache. Silaha ya pili badilisha unavyotaka. Mimi hubeba rashasha ya askari kwa ajili ya vile vidudu vidogo vinavyorukaruka. Ngao ikiwa imejaa, vinakurukia na kupasuka bila madhara makubwa. Ngao ikiisha ndipo vinaanza kukula damu, na damu kwenye Halo ya kwanza hairudi yenyewe, mpaka uokote kisanduku cha huduma ya kwanza. Ukipita kisanduku ukiwa mzima, kariri kilipo.

Halafu shotigani inaingiza risasi moja moja. Usisubiri ijae zote 12. Zikiingia tatu na mtu yupo usoni, fyatua, kujaza kunakatika palepale na unapiga. Nimewaona vijana wengi wanakufa wakitazama mkono unavyojaza risasi, wanadhani ni lazima amalize.

Lile lenye tumbo kama puto lipige likiwa mbali, likiwa katikati ya wenzake. Likipasuka linaondoka nao, unaokoa risasi. Na wapo wenye bazuka. Kwenye Legendary bazuka ikikupata hakuna mjadala, kwa hiyo ukisikia mlio wake toka kando, usirudi kinyumenyume kwa mstari ulionyooka. Bunduki ya mdunguaji iache kabisa kwenye misheni hii, risasi inawapenya inatokea upande wa pili na wao wanaendelea kuja.

FundiFeni

Shusha mpaka Normal, osha vyombo, maisha yaendelee. Mimi nina duka, mke na watoto wawili. Napata saa moja ya gemu kwa wiki, siwezi kuitumia yote kufa kwenye korido moja. Aliyeweka Easy na Normal pale hakuziweka kama pambo.

BintiOldTown

Kaka yangu, FundiFeni hajakosea, lakini nikwambie kitu kuhusu hiyo stori unayosema imekupotea. Haijakupotea. Upo katikati yake.

Mimi hiyo gemu nilicheza mara ya kwanza kwa Easy, Xbox ya binamu yangu, hapa Mombasa. The Library nikaipita napiga miayo. Misheni inayofuata kuna maneno Cortana, ile akili bandia, anamwambia Master Chief, yule askari unayemcheza, ndiyo maneno makubwa ya gemu nzima, na mimi nikayasikia kama taarifa ya habari. Miaka ikapita, nikarudi kwa Heroic, ngazi moja chini ya Legendary. Safari hii nilitoka The Library hoi, vidole vimekufa ganzi, sina risasi. Nikasikia maneno yaleyale. Nikaweka kontrola chini.

Kuambiwa kuwa Flood hawazuiliki, mtu unaambiwa tangu misheni ya sita. Lakini mpaka uwazuie mwenyewe ushindwe, hujui uzito wa alichokifanya aliyeijenga ile pete, yaani Halo yenyewe. Ndiyo maana mimi nasema ugumu pale ni sehemu ya hadithi. Kama Legendary imekuzidi, cheza Heroic. Usishuke chini ya hapo kwa misheni hii moja.

MtotoWaKaloleni

Dada umeipamba mno. The Library ni korido moja wameirudia mpaka ikachoka. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, huwezi kutofautisha hata kwa tochi. Bungie, waliolitengeneza, walikuwa wanakimbizana na tarehe, gemu lilitakiwa litoke pamoja na Xbox yenyewe Novemba 2001. Hiyo siyo falsafa, ni watu waliobanwa na muda. Mimi Halo naipenda kuliko wengi humu, na bado nasema hiyo misheni ni mbovu.

BintiOldTown

Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Fundi aliyebanwa na muda anaweza kushona nguo ikakukaa.

ChumaChakavu

Mnazunguka nini na gemu la 2001? Mwambieni kijana ukweli. Pete haiui Flood. Inaua chakula chao. Chakula chao ni kiumbe yeyote mwenye mwili wa kutosha na akili, yaani wewe, mimi na Covenant, mpaka umbali wa miaka-nuru 25,000 kutoka pale ilipo. Spark anampeleka Chief akachukue ile Index, ambayo ndiyo ufunguo wa kuiwasha, kwa sababu yeye mwenyewe haruhusiwi. Anamhitaji binadamu. Ndiyo stori hiyo, karibuni chai.

MzeeKontrola

Chuma, mtu ameandika kwa herufi kubwa.

ChumaChakavu

Gemu lina zaidi ya miaka ishirini! Deni lenyewe lingeshafutwa.

BintiOldTown

Bibi akisimulia ngano unayoijua tangu utotoni, huwa unadakia "sungura anashinda"? Watoto wengine waliokaa mkekani ndiyo kwanza wanaisikia. Wewe umekula ukashiba, ukapindua sufuria.

FundiFeni

Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika hapo. Asante sana Chuma. Saa moja kwa wiki, na umeniharibia.

ChumaChakavu

Fundi samahani, wewe sikukujua. Nimekosa.

KakaWaTabata

Hahaha, nimeshasoma wakuu, dogo alichelewa kuniziba macho. Chuma nimekusamehe kwa sharti kwamba mwisho wenyewe hujausema na hutausema.

Tena acha niwaambie ukweli, imenisaidia. Nimerudi kucheza nusu saa baada ya kusoma, na lile dude linavyoimba sasa linanitisha kuliko hao Flood. Mwanzo nilidhani ni kichekesho cha waandishi. Sasa nalisikia kama mlinzi wa makaburi aliyekaa peke yake mpaka akasahau kwamba watu wanaumia. Limekuwa pale miaka laki moja, nani angebaki na akili?

Mbinu ya kutosimama imefanya kazi. Nimefika ghorofa ya tatu, vifo 71. Swali dogo: hakuna namna ya kucheza na dogo tukasaidiana?

MtotoWaKaloleni

Ipo, na kwenye Halo ya kwanza ni msaada mkubwa, maana mmoja akifa mwingine akijificha pasipo na adui, aliyekufa anarudi. Mwiteni dogo ashike kontrola ya pili.

FundiFeni

Kwenye laptopu moja haiwezekani. Toleo la kompyuta halina kugawanya skrini, hilo lipo kwenye Xbox. Nyinyi mtahitaji kompyuta mbili, kila moja na gemu lake, mkutane mtandaoni. Msiharibu hela.

MzeeKontrola

Na mkija kupata kompyuta ya pili, msije mkajifunzia ushirikiano huo kwenye Halo 2 Legendary. Kule mmoja akifa wote wawili mnarudishwa chekipointi. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika jioni moja kwa ajili ya wale Jackal wadunguaji wa Covenant. Unachungulia tu, umekufa, na mwenzako aliyekuwa anaendelea vizuri anageuka kukutazama.

Mshamba_wa_PS

Samahani kuingilia uzi. Sisi tuliobaki PlayStation ndiyo basi tena?

MtotoWaKaloleni

Vumilia. Oktoba 2025 walitangaza kuitengeneza upya kampeni ya hii Halo ya kwanza, inaitwa Halo: Campaign Evolved, na PlayStation 5 imetajwa. Mara ya kwanza Halo kuvuka huko. Nikiisikia The Library imefupishwa nitakunywa soda kwa furaha.

BintiOldTown

Na mimi nitalia.

KakaWaTabata

Wakuu, mrejesho.

Nimetoka. Saa nane usiku, vifo 94, dogo amelala kwenye kiti na daftari kifuani. Ghorofa ya mwisho sikufyatua hata nusu ya risasi nilizokuwa nazo. Nilikimbia tu kama mtu aliyesikia simba, Flood wawili wananitandika mgongoni, damu imebaki mstari mmoja mwekundu. Mzee, ile ya kukatisha kujaza shotigani ndiyo iliyoniokoa mwishoni. Zilikuwa zimeingia mbili.

Binti, yale maneno ya Cortana nimeyasikia. Nilikuwa najua tayari anachotaka kusema, Chuma alishasema, na bado nilipomsikia amekasirika vile nilihisi kama ni mimi niliyetaka kuigeuza hiyo funguo. Mikono yangu ndiyo iliyoibeba. Kama ningeipita kwa dakika ishirini sidhani kama ningejali.

Kwa hiyo sijashusha, vyombo bado havina mwenyewe. Sasa hivi nipo Two Betrayals, kwenye theluji. Niliwamaliza wale Sentinel, roboti walinzi wanaoelea, wa chumbani kwa plazma, nikatoka nje, nikawakuta Covenant. Sijawahi kufurahi kuwaona Elite maishani mwangu, nilitaka kuwapa mkono. Chini bondeni wanapigana na Flood wao kwa wao na mimi nipo juu nimejibanza. Nishuke au nisubiri?

MzeeKontrola

Subiri. Waache wapunguzane, atakayebaki atakuwa mmoja au wawili na hana ngao. Kisha tafuta Banshee, ile ndege ndogo ya Covenant, kabla hawajaipanda wao, utaihitaji kufikia zile mashine tatu za kuharibu. Na ukizifikia, ujue ukiingia kwenye ule mwanga ngao yako inazimika yote, kwa hiyo safisha chumba kwanza.

KakaWaTabata

Sawa mkuu. Dogo ameamka, anauliza kama na yeye anaweza kushika kidogo. Nimemwambia aoshe sufuria moja kwanza.