Naomba ushauri: mdogo wangu kasomewa shtaka la wizi, anashawishiwa akiri

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kasomewa shtaka la wizi kazini. Alikana, akapata dhamana, na kesi itatajwa tena baada ya siku 9. Sasa kuna watu wanamwambia akiri tu yaishe, eti hakimu atamhurumia.

Mimi naogopa sana. Ninavyojua, akikiri hakuna tena mashahidi, anatiwa hatiani hapohapo, na rekodi itamfuata kila atakapoomba kazi. Akikana, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka yoyote ya msingi.

Jana usiku nimeisoma hati ya mashtaka, karatasi yenyewe imekunjwa mara nne mfukoni mwake. Tarehe ya tukio iliyoandikwa, yeye alikuwa safarini! Tiketi ya basi tunayo, jina lake lipo. Nimeihifadhi kwenye bahasha na kutoa nakala mbili.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Huu utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio tuutaje mapema, au tusubiri mpaka mahakama iseme ana kesi ya kujibu? Upande wa mashtaka wakirekebisha tarehe kwenye hati, tunabaki na nini? Na maelezo aliyosaini polisi bila wakili, yanapingwaje?

Wakili wa kulipa hatumwezi kwa sasa. Aliyewahi kupata wa msaada wa kisheria anieleze alianzia wapi. Mdogo wangu halali, jamani.