Ramses II, Darius, Ashoka au Mirambo: nani angetamba mitandaoni?

MwanaUjiji (Kigoma), mleta uzi
Wakuu, heshima kwenu. Tuchukue watawala wa kale, tuwape simujanja na bando la mwezi, tuone nani angetamba. Nina watatu: Ramses II wa Misri, Darius wa Uajemi na Ashoka wa India. Wote ugonjwa wao mmoja, kujitangaza kwenye mawe.

Kura yangu kwa Ramses. Mwaka 1274 KK alikwenda mji wa Kadesh (Syria ya leo) kupigana na Wahiti, wenye himaya Uturuki ya leo, akaingia mtegoni, akaponea chupuchupu, akarudi nyumbani na mji hajauteka. Kilichofuata? "Ushindi" ukachongwa Abu Simbel, Karnak, Luxor na kwingineko, yeye juu ya gari lake la farasi anawasambaratisha maadui. Posti moja, kurasa zote. Tena sanamu za wafalme waliomtangulia alizichongea jina lake, kwa kina, ili atakayekuja asilifute. Huyo wa Facebook na Instagram, kiki kila siku.

Bwana Tumbaku (Urambo)
Mkuu, Ramses angeumbuka mapema sana. Alipofunga mkataba wa amani na Wahiti, yapata 1259 KK, nakala ya Misri ilisema Wahiti ndio waliokuja kuomba amani. Nakala ya Wahiti, kwenye vibao vya udongo, ikasema kinyume chake. Enzi zile nani angetoka Misri hadi Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, kwenda kulinganisha? Leo skrini shoti mbili zingewekwa ubavu kwa ubavu kabla ya chai ya saa nne.

Dada wa Mwandiga (Kigoma)
Mimi na Darius. Tangazo lake kwenye jabali la Behistun (Iran ya leo) liko kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Kwenye picha kasimama, kamkanyaga Gaumata, aliyemshutumu kuwa mfalme bandia, na mbele yake wamepangwa waasi tisa, kamba shingoni. Mtazame wa mwisho, Skunkha, mwenye kofia ndefu iliyochongoka. Huyo alikamatwa baadaye, kazi ikiwa imeshakamilika. Mafundi wakakata sehemu ya maandishi ya Kielamu wapate pa kumweka, kisha maandishi yenyewe wakayachonga upya mahali pengine. Watu wanadhani kuhariri posti kumeanza juzi!

Na jabali lile liko juu, mpita njia haoni herufi hata moja. Ndiyo maana nakala zilisambazwa majimboni. Moja ya Kiaramu imepatikana kisiwa cha Elephantine, Misri. Ramses anapiga kelele tu. Huyu ana chaneli ya Telegram na admini kila jimbo.

Mzee wa Ipuli (Tabora mjini)
Wanangu, Ashoka mmemweka kama mapambo. Baada ya vita vya Kalinga alitangaza kwenye mwamba kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa kwa nguvu, na kwamba anajuta. Niambieni ni mkubwa gani mnayemfuata leo aliyewahi kuposti hivyo bila kusukumwa na mtu.

Bwana Tumbaku
Shikamoo mzee. Nakubali, ila kuna jambo. Tangazo hilo la 13 liko sehemu nyingi za himaya yake, lakini kule Kalinga kwenyewe, Dhauli na Jaugada, halipo. Pale waliwekewa matangazo mengine, ya kuwaagiza maofisa wawatendee raia haki. Kwa maneno mengine kaomba radhi kwenye stetasi, halafu wahusika kawaficha wasiione.

Mzee wa Ipuli
Marahaba. Labda aliona si busara kuwatonesha kidonda. Lakini umenipata.

Bwana Tumbaku
Sasa nilete wa kwetu. Mtemi Mirambo. Najua mtasema si wa kale, amefariki 1884, mniwie radhi. Hawa wenu wote ni watumiaji wa mtandao. Mirambo alishika mtandao wenyewe. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji: pembe za ndovu, bunduki, nguo, barua, vyote vikasimama. Stanley alikuwa Tabora akimtafuta Livingstone, akaungana na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, wakachapwa, ikabidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji. Miaka mitano baadaye Stanley huyohuyo akachanjiana naye damu. Mtu wa namna hiyo aposti ya nini? Anazima mnara, mnamfuata wenyewe.

Mzee wa Ipuli
Bwana Tumbaku, tuheshimiane. Sisi wa Unyanyembe, huku Tabora, tunamkumbuka kama aliyetuchomea mji mwaka huohuo. Ukimsifu, sifu na moto.

Bwana Tumbaku
Moto nao nausifu, mzee 😂

Dada wa Mwandiga
Kaka, kuzima mnara kuna gharama zake. Mirambo alihitaji sana kusikika Zanzibar, kwa balozi wa Uingereza, Kirk. Ndiyo maana alimkaribisha mmisionari Southon pale Urambo mwaka 1879. Mwaka uliofuata wapiganaji wake wakawaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, na urafiki na Kirk ukaharibika. Rugaruga, wapiganaji wa mtemi, unaowatuma mbali ni kama kumpa kijana nywila ya akaunti yako: yeye anafanya, jina linalochafuka ni lako. Na alipokufa, himaya haikudumu. Ya Darius ilimzidi umri kwa zaidi ya miaka 150.

Mzee wa Ipuli
Hapo binti umesema.

MwanaUjiji
Ramses namshusha, nahamia kwa Darius. Ila Bwana Tumbaku ajue, njia ilipofungwa waliokosa bidhaa ni babu zetu wa Ujiji. Fidia tutapokea kwa asali, treni inapita Urambo, hakuna kisingizio.

Bwana Tumbaku
Tuma dagaa kwanza.