Ushauri: Kusini mwa Uhispania peke yangu, gari la kukodi na kamera

Mwana_Pangani
Habarini wakuu. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, nashukia Málaga, nakodi gari na kuzunguka Andalusia peke yangu. Shabaha ni picha; hoteli za ufukweni sizitaki. Kwa wiki moja nimepanga Ronda, Sevilla, Córdoba, Granada, Cabo de Gata na Tarifa. Nimezoea kuendesha Dar. Ratiba hii inabebeka? Na mtu mmoja mwenye kamera yuko salama?

Jicho_la_Lenzi
Mkuu, kufika utafika, ila picha hutapiga. Toa Sevilla na Cabo de Gata. Gawa siku zako kati ya Ronda na Granada, Córdoba uipitie katikati.

Pale Ronda wengi hulipiga daraja la Puente Nuevo wakiwa juu, kisha wanaondoka. Wewe shuka kwa miguu hadi bondeni, upande wa magharibi. Ukiwa kule unaliona lote: mawe yamepanda karibu mita 100 kutoka korongoni, na nyumba nyeupe zimekaa ukingoni kabisa. Jua la alasiri linapiga upande huo huo. Daraja lilikamilika 1793, na bado linanishangaza kila nikiziangalia picha zangu. Kesho yake nenda mji mdogo wa Setenil asubuhi. Kuna mitaa ambayo mwamba ndio paa la nyumba.

Bi_Zuhura
Mdogo wangu, anza na tiketi ya Alhambra, ile ngome ya Granada, huisha mapema sana. Majumba ya kifalme ya Nasrid yaliyo ndani yake yana saa yake maalumu kwenye tiketi, ukichelewa huingii. Beba pasipoti. Stendi ya kamera iache hotelini, hairuhusiwi. Jioni panda Mirador de San Nicolás, uwanja wa kutazamia: ngome yote mbele yako, na nyuma yake theluji ya milima ya Sierra Nevada. Gari usilipeleke mtaa wa Albaicín, vichochoro vyembamba na magari ya wageni yamewekewa vizuizi.

Córdoba ingia msikitini mlango ukifunguliwa tu, kabla ya makundi. Ulianza kujengwa 785, una nguzo zaidi ya 800. Sasa ni kanisa kuu, kuswali hairuhusiwi, uende ukijua hilo. Na angalia Pasaka inaangukia lini: wiki ya kuelekea hapo maandamano ya kidini hufunga barabara na vyumba hupanda bei.

Dereva_Mstaafu
Kijana, kule wanaendesha upande wa kulia. Chukua gari la otomatiki, maana gia ziko mkono wa kulia na utachanganyikiwa. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha ulivyozoea, ukiwapisha wanaotoka kushoto kwako. Kibali cha kimataifa cha udereva kifuate huku huku nyumbani, na uwe na kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana ya gari. Barabara kuu mwendo mwisho kilomita 120 kwa saa, za kawaida 90.

Kuhusu usalama, hofia vioo vya gari kuvunjwa kuliko watu. Usiache mkoba garini hata dakika tano, wala usifungue buti mbele za watu ukishaegesha. Na usisimame kwenye kona kupiga picha, subiri maegesho.

Mwana_Pangani
Shukrani sana wakuu. Sevilla na Cabo de Gata nimezitoa. Tarifa je? Natamani kuiona Afrika kutoka ng'ambo.

Jicho_la_Lenzi
Ibakize kama hali ya hewa ni safi. Ni kilomita 14 tu za maji, milima ya Moroko inaonekana vizuri. Ila upepo wa pale ni mkali na unabeba mchanga, kwa hiyo lenzi ibadilishe ukiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.