Niliacha kazi nikiamini Mungu kanifungulia mlango, mlango ukafungwa. Je, kurudi ni kukosa imani?

Njiapanda:
Wapendwa habari zenu, naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu maana sina mtu wa kumwambia haya uso kwa uso.

Nina miaka 31. Miaka mitatu nzima nimeombea kwenda kusoma nje, nikapata chuo, nikapata na ufadhili wa nusu ada, halafu mtumishi mmoja ninayemheshimu sana akaniombea akasema anaona nimeshavuka, niachie ya zamani. Wiki ile ile nikaandika barua ya kuacha kazi. Na kazi yenyewe nilikuwa naipenda jamani, hakuna aliyenifukuza. Viza ikakataliwa. Nikafunga siku saba nikaomba upya, ikakataliwa tena, na chuo nako nafasi akapewa mwingine.

Leo ni mwezi wa tano. Begi bado liko nyuma ya mlango, nimeshindwa kulifungua. Juu kabisa kuna sweta alilonifumia mama. Siku hizi hata haniulizi kitu, kwenye sala ya jioni akifika kwenye jina langu anashusha sauti, na hiyo inaniuma kuliko viza.

Juzi bosi wa zamani kanitumia meseji, nafasi yangu iko wazi, nikitaka kurudi nimwambie kabla mwezi haujaisha. Nikirudi naona kama namwambia Mungu sikukuamini. Waliopitia nisaidieni, ila msinipe tu "Mungu ana makusudi" mkapita.

Shukrani Tele:
Pole sana mdogo wangu. Simama kwenye Yeremia 29:11, Mungu anakuwazia mema, usirudi nyuma, viza itatoka tu.

Mzee wa Zamu ya Usiku:
Mama Shukrani kwa heshima zote, huo mstari tusiukate kichwa. Ile ni barua waliyoandikiwa watu waliochukuliwa utumwani Babeli, tena walikuwepo manabii wanawaambia mtarudi kwenu sasa hivi. Yeremia akawaambia hapana, ni miaka 70, jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, ombeeni huo mji mliopelekwa. Yaani ahadi njema imekuja pamoja na amri ya kufanya kazi pale pale wasipopapenda.

Binti yangu, kuhusu huyo mtumishi, soma 2 Samweli 7. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, Nathani anamwambia nenda kafanye yaliyo moyoni mwako. Nathani ni nabii kweli kweli, lakini usiku ule ule Mungu akamrudisha akaseme sivyo, atajenga mtoto wake. Kwa hiyo mtu wa Mungu anaweza kusema kwa mapenzi mema akakosea, usimchukie, ila na wewe usiyabebe maneno yake kama deni la Mungu. Halafu angalia Daudi alifanya nini baada ya kuambiwa hapana: alikusanya dhahabu, chuma, mierezi na mawe ya nyumba ambayo hataiona. Mimi hapo ndipo ninapoiona imani kubwa kuliko hata kwa Goliathi.

Bint Subira:
Assalam aleikum dada. Mimi ni Muislamu lakini nimeguswa. Nabii Yaaqub alipompoteza Yusuf alisema subira njema, na bado alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, akasema mashtaka yake anayapeleka kwa Allah. Alikuwa Mtume huyo! Kwa hiyo kulia siyo kukosa imani, lia, ila ulilie kwake. Mimi posa yangu ilivunjika kadi zimeshagawiwa, nilisali istikhara, ile sala ya kumwomba Allah akuongoze kwenye lililo la heri, nikingojea ndoto, ndoto haikuja, kilichokuja ni kwamba njia moja ilikuwa nyepesi na nyingine nzito, nikashika nyepesi. Mpaka leo sijui kwa nini ilivunjika na nimeacha kuuliza.

Fundi Mwaminifu:
Naongezea kidogo. Matendo 16, Paulo alizuiwa na Roho asihubiri Asia, akajaribu kwenda Bithinia akazuiwa tena. Mara mbili kama wewe. Hakurudi kulala, akashuka Troa, na huko ndiko akaona usiku yule mtu wa Makedonia anamwita. Kufika Filipi anakuta akina mama wanasali kando ya mto, na baadaye anapigwa fimbo na kufungwa. Sasa nani angesema huo ndio mlango wa Mungu?

Rudi kazini dada. Mwambie bosi ukweli wote, usimfiche kwamba huenda ukaomba chuo tena. Na kaongee na yule mtumishi pia, kwa upole, anahitaji kujua ili kesho asimwambie mwingine hivyo.

Njiapanda:
Nimewasoma wote, nimerudia la Nathani kama mara nne. Bosi nimemjibu asubuhi hii, naanza Jumatatu. Kwa mtumishi bado nguvu sina, nipeni muda.

Jioni nimelivuta begi nikalifungua. Mama kasikia zipu akaja akasimama mlangoni, hakusema neno, akakaa chini akaanza kukunja nguo na mimi. Sweta kalitoa yeye mwenyewe akalipima mabegani kwangu akasema mikono bado ni mirefu, ataipunguza.