Bili ya joto pauni 642, nimeenda kulalamika NIMEPEWA SOKSI

Mwana Rufiji

Wakuu, leo sina salamu. Nimepanda kutoka mapokezi sasa hivi, koti sijavua, na mkononi nina soksi. Soksi wakuu. Jozi moja, za kijivu, zimebanwa na kile kikaratasi kigumu kama za dukani, na chini ya unyayo wamechapa nembo yao. Hao hao wauzaji wa joto. Siwataji, mnawajua. Kila mwenye fleti hapa London aliyefungiwa lile boksi jeupe kabatini anawajua.

Mimi si mpangaji. Fleti nimenunua, vyumba viwili, ghorofa ya 6, na mogeji, mkopo wa nyumba, nitalipa mpaka mwanangu wa darasa la kwanza aje anizalie wajukuu. Jengo letu hakuna mwenye boila ndani kwake. Boila ziko chini kabisa, zinachemsha maji, maji yanapanda kwa mabomba mpaka kwenye boksi kabatini, mita inasoma umechota joto kiasi gani. Siku ya kukabidhiwa funguo wakatuambia hii ndiyo ya kisasa, mtasahau habari za mafundi. Tukapiga picha.

Umeme bei ikinikera nahama kampuni kwa simu, chai haijapoa nimeshahama. Joto sihami. Kwenye hati yangu ya umiliki ya miaka 125 imeandikwa joto utachukua hapa hapa. Mwenye jengo alishasaini nao mkataba wa miaka 25 kabla sijaujua hata mtaa huu, nimeoa na wakwe wamo ndani. Agosti nilienda Tanga wiki tatu kumzika shangazi, nyumba tupu, hita zote zimezimwa, ada ya kila siku ikaendelea kuhesabu kama mita ya teksi.

Bili yenyewe hii hapa, Oktoba mpaka Desemba. Yuniti 1,500 kwa peni 31, pauni 465. Ada pauni 1.60 kwa siku, siku 92, pauni 147.20. Weka kodi asilimia 5. Pauni 642.81! Shemeji yangu yuko Leeds na boila yake ya gesi ukutani, nyumba kubwa kuliko yangu, yuniti ya gesi analipa peni 6 na ushee kwa sababu Ofgem, wasimamizi wa nishati wa huku, wamewawekea ukomo wa bei. Huo ukomo kwetu haufiki, eti sisi hatununui gesi, tunanunua joto. Joto linatoka wapi kama si kwenye gesi, kwenye mikono yao?

Na korido! Korido ya ghorofa yetu ina joto kuliko sebule yangu. Mabomba yanapita juu ya dari kule, yanatema joto usiku na mchana, Julai unapita unatoka jasho. Mwezi huu binti yangu akawa anakaa korido na daftari lake kufanya kazi za shule, kwa sababu ndani anavaa kofia. Ikaja barua chini ya mlango: korido ni njia ya kutokea moto ukiwaka, watoto wasikae. Joto la korido nalilipia mimi!

Sasa leo. Nimeshuka na bili yangu, nimeikunja vizuri, nimejiapiza sipandishi sauti. Nikamwambia yule dada, mwanangu analala na kofia, naomba nionyeshwe hii bei ya peni 31 imetoka wapi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akainama chini ya meza. Nikajua anachukua fomu. FOMU wakuu! Akaibuka na soksi. Akanisogezea juu ya kaunta kwa vidole viwili, akasema hizi zitakusaidia. Nyuma yangu foleni ya watu wanne, yule mzee wa ghorofa ya 2 na mkongojo wake anaangalia.

Kinachoniua si soksi. Nilichungulia. Chini ya meza kuna katoni, utepe ulishakatwa, imejaa soksi mpaka juu. Maana yake walikaa kikao. Mtu aliinua mkono akasema watakuja kulalamika, tuwaandalie soksi, wenzake wakasema wazo zuri. Na hizo soksi zimenunuliwa kwa hela ya nani? Ya kwangu!

Pauni 642. Soksi. Siwezi hata kukaa chini.

Chongo wa Jiji

Mkuu namba ngapi? Mimi navaa 44.

Mtoto wa Tandale

Hahahaha katoni nzima! Pole sana kiongozi. Uza hiyo fleti uje huku, Februari hii nalala kifua wazi na feni inanipulizia joto. Joto la bure, la serikali, halina ada ya kila siku.

Mwana Rufiji

Mtoto wa Tandale, nani atanunua? Wakili wa mnunuzi akiona karatasi za joto mteja anakimbia. Jirani yangu kaweka sokoni tangu mwaka juzi. Na wewe Chongo, mwanangu amevaa kofia kitandani unaniuliza namba ya mguu.

Fundi Bomba

Mimi hayo maboksi ndiyo kazi yangu, nayafungua kila siku hapa London. Mleta mada ana haki lakini ana hasira, ngoja nimsaidie.

Mtambo unanunua gesi kwa mkataba wa kibiashara, kama kiwanda, ndiyo maana ukomo wa bei wa majumbani haukugusi. Mwaka 2022 gesi ilipopaa kuna majengo yuniti ilipanda mara tatu, mara nne, kwa barua moja. Halafu mabomba. Maji ya moto yanazunguka saa 24 hata watu wote mkiwa kazini. Nimefungua dari nikakuta bomba halijavishwa kabisa kwenye viungo na vali, limeachwa uchi tangu jengo linajengwa. Gesi inaunguzwa, joto linaishia kwenye dari la korido, hasara inagawanywa kwenye yuniti zinazofika kwenu. Korido ya moto ndiyo ushahidi wako mkuu, nunua kipimajoto uipige picha kila siku.

Ila shemeji wa Leeds naye asikudanganye kwa hesabu nusu. Boila yake inahitaji kukaguliwa kila mwaka, ikifa ni maelfu ya pauni mfukoni mwake. Na yuniti ya gesi si yuniti ya joto, nyingine inapotelea kwenye bomba la moshi. Hata ukimwekea hayo yote hafiki peni 31, lakini linganisha kwa haki.

Mwana Rufiji

Fundi asante, wewe ni mtu wa kwanza kuongea na mimi kama binadamu leo. Nimepiga hesabu, kwa bei ya shemeji joto langu lote na ada yake lingekuja kama pauni 140. Hebu ongeza ukaguzi, weka na akiba ya boila mpya. Inafika 642 kwa miezi mitatu? Halafu shemeji hajawahi kupewa soksi.

Bi Kirembo

Kaka yangu, acha kupigana na dada wa mapokezi, yule ni mwajiriwa kama wewe. Andika. Tangu Aprili 2025 malalamiko ya joto la pamoja yanapokelewa na Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nishati, ni bure. Unalalamika kwa maandishi kwanza kwa hao wauzaji, wiki 8 zikipita hujapata jibu la maana unawapeleka. Na tangu tarehe 27 Januari 2026 Ofgem ndiyo msimamizi wa hii mitambo. Ukomo wa bei hawajaweka, ila sasa wana nguvu ya kuhoji bei isiyo ya haki. Kama sehemu ya gharama inapitia sevisi chaji, ile ada ya huduma za jengo, kuna baraza la nyumba, unaweza kupinga huko. Sisi jengo letu tulijikusanya fleti 40, barua moja, saini 40. Mtu mmoja mmoja mtaishia kugawiwa soksi.

Mwana Rufiji

Dada nimekuelewa, na barua naandika leo usiku. Lakini mtu aliyekutia umaskini anakuvalisha soksi mbele za watu! Na nembo! Nitembee na nembo yao mguuni!

Mpwa wa Copenhagen

Mnashangaza. Huku Denmark karibu theluthi mbili ya nyumba zinapata joto la mabomba, hata mimi siwezi kuhama, na sijawahi kulia. Sheria ya huku muuzaji wa joto haruhusiwi kutengeneza faida, analipwa gharama tu, na sehemu nyingi wenye mtambo ni watumiaji wenyewe, mnapiga kura kwenye mkutano mkuu. Kumfunga mteja bila kumlinda ndiyo dhambi. Bomba halina kosa.

Chongo wa Jiji

Wa Denmark wamefika. Uzi umeisha.

Nahodha wa Deira

Nyinyi mnauziwa joto mnalia. Mimi niko Dubai, NAUZIWA BARIDI. Mtambo mmoja unapoza maji, yanakuja na mabomba kwenye jengo zima, kiyoyozi changu kinakula huko. Kuhama hakuna. Ada ya uwezo wa mtambo inakuja kila mwezi hata nikiwa Mombasa nakula mahamri. Agosti nje nyuzi 45, unadhani utazima? Wewe utavaa koti. Mimi nivue nini, ngozi?

Mtoto wa Tandale

Nahodha umemaliza. Kumbe dunia nzima watu wanauziwa hewa.

Mwana Rufiji

Nahodha pole, lakini ulipolalamika ulipewa nini? Barafu? Mimi nimepewa SOKSI.

Nahodha wa Deira

Sijapewa chochote. Afadhali yako umepata na zawadi.

Mama Kijacho

Bora nyie mna mita zenu. Sisi hapa Sinza wapangaji sita LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mpangaji wa chumba cha uani ana jiko la umeme na pasi na friji la kuuzia barafu, ila kwenye mchango anatoa sawa na mimi mwenye taa mbili na redio. Jana umeme umekata saa mbili usiku, kila mtu kajifungia kimya kama hayupo. Nimetoka kununua mimi, nimeweka tu, nasikia friji lake linanguruma la kwanza.

Mzee wa Submita

Mama Kijacho hiyo tatizo lake ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo! Mpangaji unalipa wewe, na ukimwambia baba mwenye nyumba akupunguzie kwenye pango anakuuliza kwani nilikuita?

Mama Kijacho

Huyo huyo! Wetu yeye anaishi Goba, akija kuchukua kodi anachaji na simu.

Chongo wa Jiji

Simu mbili na pawabenki.

Fundi Bomba

Mwana Rufiji kabla hujalala, fungua boksi lako uangalie joto la maji linaloingia na linalotoka, mita inaonyesha. Niwekee namba hapa nikuambie kama boksi lenyewe ni bovu, mengi yamesetiwa vibaya yanakula yuniti bure.

Mwana Rufiji

Naangalia. Linaloingia 68, linalotoka 57. Hita zote zimezimwa, bomba hakuna aliyefungua. Hiyo maana yake nini mkuu?

Na nimezitupa zile soksi kabatini juu ya boksi lao. Mama watoto kaziona, kaniuliza umenunua?

Mama Kijacho

Jamani submita, ile mita ndogo ya kila mpangaji, inauzwa bei gani Kariakoo, na akigoma kuchangia hela ya fundi naweza kufunga yangu peke yangu?

Mzee wa Submita

Njoo pm.

Mtoto wa Tandale

Pm ya nini, weka bei hapa na sisi tuone. Friji la barafu lipo na kwetu.