Familia ya Guka: ile nyumba ya Milimani, Nakuru

Wambui: Habari za jioni wote. Ile nyumba ya Milimani nimeenda kuiona leo na Mwangi. Ni bangaloo ya kitambo, zile za Wazungu, nusu eka, vyumba vinne, nyuma kuna SQ (ile nyumba ndogo ya mfanyakazi) na gereji. Wanaitisha shilingi milioni 24 (24M) lakini agenti anasema wataongea. Naweka picha hapa mtuambie mnaonaje

Mwangi: Mimi nimeipenda sifichi. Sakafu ni zile mbao za kupangwa vipande vipande na bado zinang'aa, sitting room iko na chimni ya kuwasha moto, na mnajua baridi ya huku juu mwezi wa saba

Anti Nyambura: Nyumba ni nzuri lakini 24M mtoto wangu? Kiamunyi ama Naka ukipata ploti unajenga mpya kabisa na bado unabaki na pesa ya gari

Wambui: Anti nimefikiria hiyo sana. Kule nitajenga lakini kila asubuhi niko kwa jam na watoto wanalala kwa gari. Hapa mtoto anatembea kwenda shule, town ni karibu, na ile miti kwa kompaundi hakuna mtu anaweza kunipandia ikafika hapo nikiwa hai. Tena tunaingia wawili, mimi na Mwangi, na sako itatupea sehemu

Kamau Fundi: Mwangi ile paa ya nyumba kubwa ni vigae vya udongo? Kama kuna kimoja kimelegea kigeuze upige picha chini yake

Mwangi: Nilikuwa nimepiga tayari, kimoja kilikuwa chini karibu na tangi. Kimeandikwa Mangalore

Kamau Fundi: Sawa sawa. Hivyo vilitoka India kwa meli mpaka Mombasa halafu reli ikavileta huku. Msikubali mtu awaambie mtoe muweke mabati. Kigae hakiozi, kinachooza ni mbao za chini yake, unashusha vigae polepole unabadilisha mbao unavirudisha, vile vimevunjika unanunua kwa watu wanabomoa. Lakini sasa angalieni picha ya tano, ile ya SQ na gereji. Hizo shiti za kijivu za mawimbi, zimeota kuvu juu. Hiyo ni asbestosi

Wambui: Uko shua? Agenti alisema ni "saruji ya zamani"

Kamau Fundi: Ni saruji ndiyo lakini ndani kuna nyuzi za asbestosi, ukiikata ama kuitoboa ama ikivunjika inatoa vumbi hauoni na macho, linaingia kwa mapafu na ugonjwa unakuja miaka mingi baadaye. Kenya ilipiga marufuku 2006. Mtu asipande hapo na nyundo hata kama ni kijana wa mtaa amesema ni elfu tano tu. Inatolewa na watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wanailowesha na maji, wanafungua misumari bila kuvunja shiti, wanafunga na karatasi za nailoni safu mbili, inaenda kuzikwa mahali palipotengwa. Hiyo gharama mtoe kwa bei ya muuzaji, msiibebe nyinyi

Anti Nyambura: Sasa mnaona. Na watoto wangekuwa wanacheza hapo

Anko Ndung'u: Wambui, jioni njema. Paa tutarekebisha. Mimi nataka kujua taito inasema nini. Ni frihodi (ya milele) ama ni lisi (ya kukodishwa miaka fulani), na imeandikwa jina la nani?

Wambui: Jioni njema Anko. Nilionyeshwa kopi. Ni lisi ya miaka 99 kuanzia 1.1.1951. Jina ni la mzee mwenye nyumba lakini alishaaga. Anayeuza ni kijana wake

Anko Ndung'u: Haya nisikilizeni vizuri, nitaandika ndefu kwa sababu hapa ndipo watu wa hii town wamelia. Mambo ni mawili. La kwanza, hiyo lisi inaisha mwisho wa 2049. Kwa hivyo hamnunui ardhi milele, mnanunua miaka imebaki. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye lisi akiwa raia nafasi ya kwanza kupewa tena ikiisha, kama serikali haihitaji hiyo ardhi kwa kazi ya umma, na mnaweza kuomba kuongezewa kabla haijaisha, lakini hiyo ni kazi ya surveya, kaunti na watu wa Ardhi na inachukua muda na pesa. Benki pia zinaangalia, ukitaka loni ya miaka 20 wanataka lisi ipite mwisho wa loni kwa miaka mingi. Sasa kwa nini mlipe bei ya mtu ambaye lisi yake ni mpya? Hiyo peke yake inashusha hiyo 24M

La pili ndilo kubwa. Mzee ameaga na taito bado ni jina lake, basi huyo kijana hana kitu cha kuuza leo. Sheria ya urithi inasema ardhi ya marehemu haiuzwi kabla korti ithibitishe granti (ile karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu), na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita tangu granti itolewe. Halafu ijulikane, mama yao yuko hai? Wako wangapi? Wasichana walioolewa wamejua nyumba inauzwa?

Wambui: Mama yuko, anaishi na dada yao Eldoret. Kijana alisema mama "hana shida"

Anko Ndung'u: Mama ndiye wa kwanza kuulizwa. Kama mzee hakuacha wosia, mjane ana haki ya kutumia hiyo mali maisha yake yote, na baadaye watoto wanagawana sawa, msichana na mvulana, ameolewa hajaolewa. Kwa hivyo kuuza sasa kunataka mama akubali na watoto wote wazima wakubali, kwa maandishi, mbele ya loya. Nimeona nyumba hapo hapo Milimani mnunuzi amelipa, ameingia, amepaka rangi, halafu dada wawili wakatokea na kizuizi kwa rejista. Mpaka leo wako kortini na nyumba inaingia mchwa

Mwangi: Na agenti anataka laki mbili ya booking kufikia Ijumaa anasema kuna mtu wa Nairobi ameshaonyesha interesti

Anko Ndung'u: Mwangi usitoe hata mia. Mtu wa Nairobi akitaka anunue kesi, mwacheni anunue

Kamau Fundi: Anko amesema

Anti Nyambura: Na hiyo pesa ya booking inaenda kwa akaunti ya nani? Ulizeni hiyo. Pesa ya nyumba inakaa kwa akaunti ya loya mpaka mambo yakamilike, si kwa simu ya mtu

Njoki: Shosho yuko hapa kando yangu nimemsomea yote, anasema niandike vile anaongea. "Huko juu Milimani sisi tulikuwa tunapanda asubuhi kufua nguo za Wazungu na kulea watoto wao, jioni unashuka Bondeni. Haukuwa unalala huko kama huna kazi huko, na karatasi ya ruhusa lazima uwe nayo. Mimi nikisikia mjukuu wangu anataka kununua hapo nafurahi sana. Lakini asinunue machozi ya mjane."

Wambui: Shosho asante sana 🙏🏾 mwambie nimesikia. Nitaenda Eldoret mwenyewe nimwone huyo mama kabla ya kitu kingine

Anko Ndung'u: Hapo umeongea. Uende na loya wako, si loya wao. Mkikubaliana, agano linaandikwa na kusainiwa na mashahidi, kwa kawaida asilimia 10 ndio depo. Kodi ya ardhi ya serikali na reti za kaunti zote ziwe zimelipwa na wakupe vyeti, maana deni la ploti linafuata ploti. Lisi pia inataka idhini ya kuhamisha. Halafu mkumbuke ushuru wa stempu, kwa vile ni ndani ya mji ni asilimia 4, kwa 24M hiyo ni 960,000 na inatoka kwenu wanunuzi. Ile kodi ya faida, asilimia 15, ni ya muuzaji, wasiwasukumie

Mwangi: Sasa nikiuliza tu, hiyo nusu eka, baadaye si tunaweza kuweka flati nyuma ilipe loni? Jirani wa pili amebomoa ameweka ghorofa

Wambui: Mwangi tuliongea hii. Mimi sinunui hiyo nyumba ili niiue. Nakuru imekuwa city tangu Desemba 2021 na kila mtu anabomoa, miaka kumi ijayo watoto wetu wataona wapi vile huu mji ulikuwa? Ukitaka flati tutafute ploti Lanet

Kamau Fundi: Pia Mwangi udongo wa hapa ni majivu ya volkano, Menengai iko hapo nyuma yenu. Unabeba bangaloo vizuri, ghorofa ni hesabu ya injinia si ya fundi. Na kubadilisha matumizi ya ploti lazima kaunti ikubali na tangazo libandikwe, majirani wana haki ya kupinga

Mwangi: Sawa nimeelewa. Basi ile SQ tukitoa asbestosi tuikodishe

Kamau Fundi: Hiyo inawezekana kabisa. Lakini niangalie nyufa kwanza. Picha ya tisa kuna ufa unatoka kona ya dirisha unashuka kimshazari, unapitisha kidole. Ule mwembamba wa plasta haunisumbui, huu nataka kujua kama unaendelea. Huenda ni maji ya gata yanamwagika hapo kwa msingi miaka yote. Pia paipu za chuma za ndani nadhani zimejaa kutu, na waya za stima za enzi hizo nyingi hazina ile waya ya ethi inayoingia chini kwa udongo, weka hesabu ya kubadilisha zote

Anti Nyambura: Na maji? Siku mfereji umekauka mnakunywa nini

Wambui: Kuna borehole ya jirani wanauziana

Anti Nyambura: Ya kufua na kuosha nyumba sawa. Ya kunywa watoto ipimwe floraidi kwanza, meno ya kahawia ya watu wetu mnayajua yametoka wapi

Wambui: Nimeandika yote kwa daftari. Nimemtumia agenti meseji sasa hivi, hakuna booking, nataka namba ya kesi ya urithi na nataka kuongea na mama na watoto wote. Anko nakutumia kopi ya taito inboksi

Anko Ndung'u: Tuma. Jumatatu tunafanya sachi kwa rejista ya ardhi tuone kama kuna kizuizi ama mkopo juu yake

Kamau Fundi: Jumamosi saa tatu mimi niko gate. Mwangi leta ngazi ndefu na tochi, niingie darini niangalie mbao. Na mtu yeyote asiguse ile paa ya SQ

Mwangi: Ngazi iko

Njoki: Shosho anauliza kama kuna nafasi kwa gari Jumamosi, anataka kuja

Wambui: Iko, nitamchukua saa mbili na nusu